Vali ya Unga si Koki ya Maji

Ingia duka la vifaa vya viwanda, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Industrial Area ya Nairobi, useme unatafuta vali ya inchi sita. Muuzaji atakuuliza kama unataka chuma cha kawaida au stenlesi, mtapatana bei, na utaondoka nayo begani. Kama bomba lako linapitisha maji, umemaliza. Kama linapitisha unga, saruji, sukari, pumba au punje za plastiki, ndiyo kwanza balaa linaanza. Mzigo mkavu hukwama, hunata, hukwaruza, hubeba hewa, na mwingine hulipuka. Kipenyo cha bomba ni swali la mwisho. La kwanza ni kwamba mzigo wenyewe una tabia gani.

Vidokezo hivi ni vya mwenye kinu, meneja wa kiwanda, na zaidi yule fundi anayetumwa mjini na kipande cha karatasi chenye kipimo tu.

1. Anza na ndoo, katalogi baadaye

Chukua ndoo ya lita 20, ipime uzito ikiwa tupu. Mimina unga taratibu bila kushindilia wala kutikisa. Ukifika juu, sawazisha kwa rula, pima, andika. Sasa nyanyua ndoo kidogo na kuiachia igonge sakafu, tena na tena, mpaka unga uache kushuka. Angalia umeshuka hadi wapi.

Ngano nzima itakupa kama kilo 15 na haitashuka sana. Unga wake utakupa kilo 10 au 11, na baada ya kugongwa utaona ndoo imebaki tupu kwa upana wa vidole kadhaa kutoka ukingoni. Pumba za ngano huenda zisifike kilo 5 ndoo nzima. Tayari una namba ambazo muuzaji makini angekuuliza. Gawanya lita za mwanzo kwa lita zilizobaki baada ya kugonga: lita 20 zikishuka hadi 16 unapata 1.25, na kuanzia hapo kwenda juu mzigo huanza ubishi. Ukikaribia 1.4, jiandae kwa mzigo utakaojenga tao juu ya vali na kukaa hapo, huku chini pakiwa patupu.

Kisha finya konzi moja kiganjani. Sembe kavu ukiiachia humomonyoka. Dona, kwa kuwa kiini cha mahindi chenye mafuta kimesagwa humo humo, hubaki na alama za vidole. Kinu kinachosaga vyote viwili kichague vali kwa kuangalia dona.

Na ufanye jaribio hili msimu mbaya, usifanye msimu mzuri. Sukari, chumvi na magadi hunyonya unyevu hewani. Mzigo uliotiririka vizuri Dodoma mwezi wa Agosti unaweza kugeuka mabonge Tanga wakati wa masika.

2. Ijue kazi unayoipa

Vali ya mzigo mkavu hupewa moja ya kazi nne: kufunga, kupima kiasi kinachopita, kuzuia hewa isitoroke, au kugeuza njia. Chache hufanya mbili vizuri. Ukikuta geti la kuteleza limefunguliwa nusu, na kijana amesimama pembeni na rungu la mpira akiligonga ili unga uendelee kushuka, ujue mtu alinunua kifungio akakipa kazi ya kupima.

3. Ealoki: piga hesabu

Vali ya kuzunguka, ambayo mafundi wengi huiita ealoki, inafanya kazi kama mlango wa kuzunguka wa hoteli kubwa: rota yenye mapanga sita, manane au kumi inabeba mzigo chumba kwa chumba kutoka juu kwenda chini, na muda wote kuna mapanga yanayoziba ili hewa isipite. Inapima na inazuia hewa kwa pamoja. Ndiyo maana bei yake ni kubwa, na ndiyo maana watu hupenda kununua ndogo kuliko inayotakiwa.

Hesabu yake fundi yeyote anaiweza. Tuseme rota inabeba lita 20 kwa mzunguko mmoja na inazunguka mara 20 kwa dakika. Hizo ni lita 400 kwa dakika, mita za ujazo 24 kwa saa. Lakini vyumba havijai kamwe, kwa hiyo chukua asilimia 70: umebaki na 16.8. Zidisha kwa uzito uliopata kwenye ndoo. Unga wa ngano wenye tani 0.55 kwa mita ya ujazo unakupa tani 9 na ushee kwa saa. Pumba za tani 0.22, katika vali hiyo hiyo na mota hiyo hiyo, hazifiki tani 4. Mtu akikuambia vali yake ni ya “tani kumi kwa saa” bila kukuuliza unapitisha nini, amekuambia nusu ya habari.

Mtego mwingine ni saruji. Ikiwa imetulia kwenye silo inaweza kufika tani 1.4 kwa mita ya ujazo. Ikishapulizwa hewa chini ya silo ili ishuke, inavimba na kuwa nyepesi zaidi, mara nyingi chini ya tani 1. Inayoingia kwenye vali ni hiyo iliyovimba, basi tumia namba yake.

Na usijaribu kuokoa vali ndogo kwa kuongeza kasi. Ukipita mizunguko 25 hivi kwa dakika, mapanga huanza kuurusha mzigo nje kabla haujaangukia ndani. Unalipia umeme zaidi na kuharakisha ulikaji, kwa tani zile zile. Vali kubwa inayozunguka polepole huishi muda mrefu kuliko ndogo inayokimbizwa.

4. Mwanya mdogo, ugomvi mkubwa

Kati ya ncha ya panga na ukuta wa vali kuna mwanya. Kwenye vali nzuri ni kati ya milimita 0.1 na 0.25, na hapo ndipo pesa yako inapokwenda. Ukiwa mpana, hewa inavuja na unga haufiki mwisho wa bomba. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, joto likipanda rota inakwama.

Chukua rota ya stenlesi yenye kipenyo cha milimita 300. Ipashe joto kwa nyuzi 60 zaidi ya ilivyokuwa asubuhi. Kipenyo kinaongezeka milimita 0.3, maana yake 0.15 kila upande. Kama ulinunua vali yenye mwanya wa 0.1 na ukuta wake bado ni wa baridi, panga limeshagusa. Joto hilo halitoki mbali: saruji mpya kutoka kinuni ni ya moto, nafaka iliyotoka kwenye kikaushio ni ya moto, na hata hewa ya blowa yenyewe hutoka ikiwa ya moto kwa sababu ya kubanwa. Hatari ni kubwa zaidi dakika za kwanza baada ya kuwasha, rota ikiwa imeshapata joto na ukuta bado haujapata. Mwambie muuzaji joto la juu kabisa la mzigo na la hewa, aweke mwanya kulingana na hilo. Usimwachie akisie.

5. Hewa iliyovuja ipate pa kutokea

Kwenye mfumo wa kusukuma mzigo bombani kwa hewa, chini ya ealoki kuna shinikizo na juu hakuna. Vyumba vikishamwaga unga chini havirudi vitupu, vinarudi na hewa iliyobanwa. Vikifika juu, hewa hiyo inalipukia kwenye mdomo wa vali, inaupulizia unga unaotaka kushuka, nao unaelea na kugoma. Mwenye kinu anaona tani zimeshuka, anaagiza vali kubwa. Vali kubwa nayo inarudisha hewa nyingi zaidi.

Dawa ni tundu la kupumulia, ubavuni mwa vali upande ule vyumba vinaporudi, lililounganishwa na kichujio kidogo au na kichujio kilicho juu ya pipa la mzigo. Uliza kama vali inakuja na tundu hilo. Na likishakuwepo, lisiachwe wazi ndani ya chumba, maana litamwaga vumbi mchana na usiku, na utaona kwenye kidokezo cha 9 kwa nini hilo si jambo la ufagio tu.

6. Mzigo laini mkononi unaweza kutafuna chuma

Watu huogopa mchanga na klinka, na wako sahihi. Kinachowashangaza wengi ni pumba za mpunga. Ukizishika ni nyepesi, hazina uzito wowote. Ukichoma kilo 100 zake hubaki kilo 15 hadi 20 za majivu, na sehemu kubwa kabisa ya majivu hayo ni silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga. Kwenye vinu vya mpunga vya Mwea au Mbeya, bomba linalopuliza pumba nje hutoboka kwenye kiwiko huku bomba la mchele likiwa bado zima.

Kwa mizigo ya namna hii usitafute vali yenye vitu vingi katikati ya njia. Vali ya kubana ni jibu zuri na la bei nafuu. Ni bomba la mpira ndani ya kasha la chuma: ukipuliza hewa ndani ya kasha mpira unajibana na kufunga, ukiiachia unafunguka na njia inabaki nyeupe, hakuna diski wala shafti. Inataka hewa yenye shinikizo la bar 2 hivi juu ya lile lililomo kwenye bomba. Ndiyo hufungwa kwenye mabomba ya kujazia silo za saruji kutoka kwenye malori ya bowza, ili silo ikijaa njia ijifunge. Mpira ukichakaa unabadilisha mpira, kasha linabaki. Mipaka yake ni joto: mpira wa asili hautaki kupita nyuzi 80.

Kwa saruji au majivu ya makaa yanayosukumwa kwa shinikizo la bar kadhaa, vali ya kuba inastahili bei yake. Kuba linajifunga kwanza bila kugusa sili, halafu sili inajazwa hewa na kulikumbatia, kwa hiyo hakuna msuguano wakati wa kufunga. Kwa vumbi la moto chini ya tanuri la klinka, mahali ambapo hakuna mpira utakaodumu, weka vali ya milango miwili inayofunguka kwa zamu, mmoja ukiwa wazi mwingine umefungwa. Haizuii hewa sawasawa, lakini inavumilia joto ambalo ealoki ingekwama.

Jambo moja zaidi, ambalo wauzaji wa vali hawalisemi kwa kuwa haliwauzii kitu: punguza mwendo wa hewa kwanza. Mwendo ukiwa maradufu, ulikaji huongezeka mara sita hivi. Kabla ya kununua rota ya chuma kigumu, angalia kama blowa haikukimbizwa kupita mahitaji. Unga hubebeka vizuri kwa mita 20 hivi kwa sekunde. Ukikuta unapita kwa mita 35, tatizo lako liko kwenye puli.

7. Vali ya kipepeo

Ni rahisi, nyepesi, na kwa unga au saruji inayoshuka yenyewe chini ya silo inatosha kabisa. Usiiweke kwenye mabonge, nyuzi wala pumba ndefu. Diski hubaki katikati ya njia hata ikiwa wazi, na kitu cha kwanza chenye umbo la kijiti kitalala juu yake.

8. Geti la kuteleza, na kihenge chake

Weka geti la mkono juu ya kila ealoki. Kila moja. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na siku ambayo rota imekwama na juu yake kuna tani 40 za ngano ambazo hakuna pa kuzipeleka ila sakafuni. Geti hilo liwe wazi kabisa au limefungwa kabisa. Chagua lile ambalo bamba lake likifunga linausukuma mzigo nje ya mfereji, maana kwenye mageti ya bei poa unga hujaa mwisho wa reli, unashindiliwa kila likifungwa, na baada ya miezi michache bamba halifiki tena mwisho. Unga huo uliolala pembeni ndio unaozaa wadudu.

Kwa wenye vihenge vya chuma, vile vya kisasa kama Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) wa Tanzania ulivyojenga Babati na Makambako, kuna sheria ya mageti ambayo si ya mzaha: geti la katikati lifunguliwe kwanza, na ya pembeni yasiguswe mpaka nafaka iache kushuka yenyewe kwa katikati. Ukianza na la pembeni, nafaka inashuka upande mmoja, ukuta unasukumwa kwa nguvu zisizo sawa, na kihenge kinaweza kukunjika. Ukiagiza mageti, agiza ya pembeni yenye mahali pa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mmoja.

9. Vumbi linalolipuka

Mwaka 1785 ghala la unga la mwokaji mmoja wa Turin, Italia, lililipuka baada ya vumbi kukutana na taa. Mwaka 1878 kinu cha Washburn A mjini Minneapolis, Marekani, kililipuka na kuua watu 18. Mwaka 2008 kiwanda cha sukari cha Port Wentworth, Georgia, kililipuka na kuua watu 14, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye beringi iliyopata moto kwenye konveya iliyofunikwa chini ya silo. Unga wa mahindi, ngano, sukari, vumbi la kahawa, maziwa ya unga: vyote vinawaka vikiwa hewani kwa wingi wa kutosha.

Ealoki inaweza kuwa ukuta wa kuzuia moto usiruke kutoka mashine moja hadi nyingine, lakini ile tu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Viwango vya Ulaya na Marekani vinadai mwanya usiozidi milimita 0.2, na mapanga mawili yakiziba kila upande wakati wote. Muuzaji akisema yake inazuia moto, aonyeshe cheti. Na ikumbukwe kwamba mapanga yakilika mwanya unapanuka, kwa hiyo mwanya upimwe kwa geji kila unapofanya matengenezo. Sharti lingine ni kwamba mlipuko ukitokea, rota isimame yenyewe mara moja. Ikiendelea kuzunguka, itaumimina unga unaoungua kwenye chumba cha pili.

10. Kugeuza njia

Kwa nafaka inayoshuka kutoka kwenye eleveta, ubao wenye bawaba unatosha. Kwenye bomba lenye shinikizo ubao huo utavuja. Huko tumia ile yenye pipa lenye tundu linalozungushwa ndani ya kasha.

Usigeuze njia mzigo ukiwa unapita. Simamisha ulishaji, acha bomba lijisafishe, geuza, subiri swichi ithibitishe kuwa vali imefika mwisho wa safari yake, ndipo ulishe tena. Hiyo swichi ndiyo watu huikata ili kupunguza bei, halafu mahindi yaliyokataliwa kwa unyevu yanachuruzika kwenye kihenge cha mahindi mazuri, na hakuna anayejua mpaka harufu ianze.

11. Punje zisikatwe

Kahawa na punje za plastiki za kutengenezea madumu hubanwa kati ya panga na mdomo wa vali. Agiza mdomo ulio pembeni kidogo, ili vyumba visijae mpaka juu, wenye ukingo wa umbo la V unaozisukuma punje kando.

12. Umeme ukikatika, kila vali iende wapi?

Swali hili lijibiwe kabla ya kununua. Umeme ukipotea ghafla, blowa inasimama, na mzigo wote uliokuwa hewani unaangukia kwenye kiwiko cha chini. Kama geti la juu linaendeshwa na hewa na halina springi, litabaki pale lilipokuwa, wazi, na unga utaendelea kushuka juu ya rota iliyosimama. Nunua lenye springi ya kulifunga hewa ikikosekana, au weka tanki dogo la akiba ya hewa. Vali ya kugeuza njia, kinyume chake, ibaki pale pale ilipo.

Umeme ukirudi, mpangilio wa kuwasha uwe umefungwa kwenye paneli: blowa kwanza, bomba lisafishike, halafu ealoki, halafu geti. Kuzima ni kinyumenyume. Operata asiwe na uwezo wa kuruka hatua, hata akiwa na haraka ya foleni ya malori.

13. Vidole

Rota iliyosimama si rota iliyolala. Mota ikirudishiwa umeme, au mtu akigusa mapanga ya upande wa pili, panga linapita kwenye mdomo wa vali na hakuna mkono utakaolizuia. Silinda ya hewa nayo ina nguvu hata umeme ukiwa umezimwa, mpaka hewa yake imwagwe. Nunua vali yenye mahali pa kufungia kufuli kwenye swichi na kwenye njia ya hewa. Sheria za usalama kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, zinamtaka mwajiri afunike sehemu za mashine zinazoweza kuumiza. Wavu wa chuma juu ya mdomo unagharimu kidogo.

14. Hertz, beringi na spea

Vali zinazokuja kutoka Marekani, mpya au mitumba, mara nyingi zina mota za hertz 60. Huku kwetu ni 50. Rota iliyoandikwa mizunguko 20 kwa dakika itazunguka chini ya 17, na moja ya sita ya tani zako imeondoka kabla hujaanza kazi. Badilisha giaboksi au sproketi mapema, au weka kifaa cha kurekebisha kasi.

Chagua yenye beringi zilizo nje ya kasha, mbali na vumbi, na zenye namba za kawaida zinazopatikana mjini. Pakingi na sili za shafti nunua siku hiyo hiyo unayonunua vali, seti mbili. Rota yenyewe muulize muuzaji inachukua wiki ngapi kufika bandarini, kisha uongeze muda wa forodha, ndipo uamue kama utaweka moja stoo.